Neno Kabla ya Kisu

Nyenza, mhudumu wa chumba cha mitihani, aliuchoma mwili uliolala mezani mara moja tu, kutoka juu kwenda chini, nyuma ya mfupa wa mtulinga wa kushoto. Kisha akachomoa kisu, akakipangusa kwenye aproni kama mtu aliyemaliza kukata tikiti, akarudi nyuma hatua mbili na kusimama ukutani. Damu iliruka, ikapiga taa ya juu, ikaanza kudondoka taratibu juu ya meza.

"Mtihani umeanza," alisema Profesa Mwakyoma kutoka kwenye kiti chake. "Mwanafunzi, sema."

Atupele Sanga alikuwa ameshavaa glovu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Chuo cha Tiba cha Mwamba, kule kwenye vilima vya Iringa, na mtihani huo ndio uliobaki kati yake na cheti. Alisogea mezani, akabana kidonda kwa ngumi iliyofungwa shashi. Damu ikapungua nje. Ndani ni habari nyingine.

Pale Mwamba mtu hafanyi kitu kabla hajakisema. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa hivyo siku anayopewa koti: unasema kwanza, unafanya baadaye, ili mtahini asikie akili yako kabla hajaona mkono wako. Nagusa. Nakata. Natoa. Nashona. Ukikata bila kusema, sifuri, hata kama umemfufua maiti. Vijana wanayaimba maneno hayo mabwenini wakifua nguo.

"Nagusa mshipa wa mkono wa kushoto," alisema Atupele. "Haupigi. Wa kulia unapiga. Nagonga kifua cha kushoto. Kinalia kizito, kimejaa damu."

"Umekatika mshipa gani?"

"Ateri inayopita chini ya mtulinga, Prof, karibu na chanzo chake."

"Utaufikia kwa njia gani?"

"Kati ya mbavu, ubavu wa kushoto, chini kidogo ya kwapa. Siyo kwa kupasua kidari."

"Ungekuwa wa kulia tungepasua kidari. Kwa nini?"

Swali hilo Atupele angelijibu hata akiwa usingizini. "Kwa sababu ya mimba, Prof. Mtoto wa wiki ya nne ana matao ya mishipa shingoni, kushoto na kulia, yako sawasawa. Baadaye yanagawana kazi. Tao la nne la kulia linakuwa mwanzo wa mshipa wa mkono wa kulia, kwa hiyo mshipa huo unakaa mbele, ukipasua kidari umeukuta. Tao la nne la kushoto linachukuliwa na mshipa mkuu wa mwili. Mkono wa kushoto unabaki kuchipua moja kwa moja kwenye mshipa mkuu, huko nyuma, umejificha. Ukiufuata kwa mbele, mgonjwa anakufa wewe bado unatafuta."

Profesa alitikisa kichwa kukubali. Kisa chake alikijua, ila hakujua jinsi jibu lile lilivyomgharimu binti wa watu. Mama yake Atupele alichomwa kisu na vibaka sokoni, palepale nyuma ya mtulinga wa kushoto, na daktari mwanagenzi wa hospitali moja akampasua kidari kwa msumeno kwa sababu picha aliyowahi kuiona kitabuni ilikuwa ya upande wa kulia. Atupele alikuwa nje ya mlango akisikia msumeno. Basi alipokuja kusikia kwamba kuna chuo ambako wanagenzi wanakosea juu ya viwiliwili na siyo juu ya mama za watu, alipanda kilima kile mbio, na tangu hapo hajawahi kuuliza swali la ziada.

Kiwiliwili ni nini? Wewe unayesoma huenda hujawahi kukiona, na shukuru. Ni mwili wa binadamu uliokuzwa mtungini, kutoka mbegu hadi mtu mzima kwa misimu miwili ya mvua. Una moyo, mapafu, damu, kila kitu, isipokuwa mwenyewe hayumo. Wiki ya nne, pale bomba la ubongo linapojifunga kama zipu, dawa hutiwa mtungini, na ncha ya mbele haifungi. Ubongo wa mbele hauoti. Linabaki shina peke yake, la kuvutia pumzi na kuendeshea moyo. Ukikichoma kinashtuka, ndiyo, hata mkia wa mjusi uliokatika unashtuka. Hakuna anayeumia, kwa hiyo dawa ya usingizi haipelekwi chumba cha mitihani. Inakaa wodini, kwa watu. Kamba za kufungia nazo hazipo.

Na usoni kuna kitambaa cheupe, kimeshonwa kuzunguka kichwa chote. Kundi la kwanza la wanafunzi lilishindwa kulala kwa sababu ya nyuso zile, basi mkuu wa chuo wa wakati huo akaagiza zifunikwe, kwa heshima. Siku hizi mashine ndiyo inayokitoa kiwiliwili mtungini, ndiyo inayotia bomba la hewa kooni na kushona kitambaa, kabla mkono wa mtu haujagusa. Anayefunua anafukuzwa chuo.

"Mkato wa kwanza," alisema Profesa. "Sema."

Atupele aliweka ncha ya kisu cha upasuaji hewani, juu ya ubavu.

"Nakata."

Mashine ya mapigo ilikuwa ikilia taratibu. Ikaruka. Ikaanza kukimbia, na kidonda kikasukuma damu ikapenya shashi na kumlowesha hadi kiwiko.

Kisu kilikuwa bado hewani. Hakikuwa kimegusa hata unywele.

"Mbona umesimama?" aliuliza Profesa.

"Najipanga, Prof. Nagusa ubavu." Aligusa kwa kidole, na mashine haikubadilika. Akainua kidole, akasubiri. "Nakata," alisema tena, mkono ukiwa mbali kabisa.

Mashine ikakimbia. Vidole vya kiwiliwili vikajikunja ngumi.

Atupele aliitazama ile ngumi. Shina la ubongo linaujua uchungu wa kisu, sawa, hilo alifundishwa na akaliamini. Lakini shina halijui neno. Neno lazima lisikiwe, likumbukwe, lifungamanishwe na kitu kilichowahi kutokea. Alijaribu tena, kwa sauti ndogo, neno la mwisho la kila somo, lile ambalo wakishalisema wanafunzi huvua glovu na kwenda kula.

"Nashona."

Mapigo yalishuka. Ngumi ikafunguka, kidole kimoja kimoja.

"Mwanafunzi," Profesa alisema, "unachanganya mpangilio. Nitakukata alama."

"Naangalia jicho la kushoto," alisema Atupele.

Profesa alinyanyuka. "Hatua hiyo ni ya watu."

Ni kweli, na kitabuni imeandikwa hivyo. Nyuma ya mtulinga, kando ya mshipa ule, panapita neva inayopanda kwenda jichoni. Mtu akichomwa pale, unamfunua uso: kope inalegea, mboni inakuwa ndogo, shavu la upande huo halitoi jasho. Kwa kiwiliwili hatua hiyo inarukwa, kwa sababu jicho ni tawi la ubongo wa mbele. Linachipua kutoka ubongoni na kuja usoni, halitoki kwenye ngozi. Hakuna ubongo wa mbele, hakuna macho. Chini ya kitambaa panatakiwa kuwa na ngozi tambarare, basi. Nani ahangaike kutazama?

Atupele alipitisha kisu kwenye mshono wa kitambaa na kukivuta.

Kope ya kushoto ilikuwa imelegea. Mboni chini yake ilikuwa ndogo kama mbegu ya ufuta, na shavu lilikuwa kavu, kama kitabu kinavyosema. Jicho la kulia lilikuwa wazi, kubwa, limejaa machozi. Lilikuwa limezoea giza, maana taa ililifanya lifumbe na kufumbua mara nyingi, kisha likamtafuta Atupele, likampata, likashuka hadi kwenye kisu na kubaki hapo.

Kuanzia hapa sitamwita kiwiliwili, na wewe usimwite hivyo. Alikuwa mwanamume, kijana, labda sawa na Atupele kwa umbo.

Tumboni alikuwa na kovu la zamani. Viwiliwili huponywa na kurudishwa darasani, hiyo ni kawaida pale. Lakini Atupele anatumia mkono wa kushoto, na mafundo yake yanalala upande usio wa kila mtu, na kovu lile lilikuwa na alama za mafundo yake. Mwaka wa tatu alimpasua tumbo mtu huyu, akatoa bandama, akashona vizuri akapewa alama za juu. Huyu alijirusha sana siku hiyo. "Mshtuko wa uti wa mgongo," Profesa aliwaambia, na wao wakaandika. Atupele alikaza ngumi yake kidondani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizuia damu.

"Funika," alisema Profesa. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshaona, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Prof, anaona. Anasikia."

"Nimeelewa. Dawa haikushika. Mmoja katika maelfu, Atupele. Funika. Wodi ile pale chini imejaa watu walio hai kwa sababu vijana wangu walijifunzia hapa. Jicho hili likitoka nje ya mlango huu, kesho mitungi inafungwa, na mwanagenzi anarudi na msumeno wake kwa mama wa mtu. Wewe kati ya watu wote unalijua hilo."

Alijua. Hapo ndipo alipobanwa, na nisikudanganye kwamba hakusita. Alisita, kidogo, na katika kusita huko alimwona mama yake.

"Leteni dawa ya usingizi," alisema. "Mengine tutabishana baadaye."

Profesa alifunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. "Nyenza," alisema. "Malizia."

Kumalizia ilikuwa kazi ya Nyenza kila jioni ya mtihani: kiwiliwili kisichoshoneka kinamaliziwa chini ya sikio. Alikuja na kisu chake kirefu, mzito, asiye na haraka, mtu aliyefanya kazi ile miaka na miaka bila kuona uso wa yeyote. Atupele hakuwa na mkono wa kumzuia. Alilala kifudifudi juu ya kifua cha yule kijana, ngumi ikiwa bado kidondani, akakifunika kichwa cha kijana kwa chake.

"Nipitie mimi kwanza, Baba Nyenza," alisema.

Nyenza alisimama. Akainama kutazama chini ya mkono wa Atupele, kama mtu anayechungulia kisima. Lile jicho la kulia lilikuwa juu ya kisu chake, na kisu kilipohama, jicho lilihama nacho. Nyenza alikihamishia kulia. Jicho likaenda kulia. Alikihamishia kushoto.

"Huyu ananijua," alisema Nyenza.

Profesa alimpokonya kisu. Hakuwa mtu wa visu virefu, ila hofu humpa mtu nguvu asizokuwa nazo. Alipiga kuelekea kichwani kwa yule kijana. Kisu kikachana sikio la Atupele na kugonga meza. Akainua tena. Safari hii Nyenza alitia mkono wake katikati, kisu kikapita kati ya mifupa miwili ya mkono na kutokea upande wa pili. Alimkamata Profesa kwa mkono mzima, akambamiza ukutani mara moja, mara ya pili, mpaka miwani ikavunjikia usoni na meno yakamwagika kwenye koti jeupe. Kisha akamwangusha, akamkalia mgongoni, damu ya wote wawili ikichanganyika sakafuni.

"Fanya kazi yako, mwanangu," alisema, akihema.

Mashine ilikuwa imeanza kulia kwa sauti dhaifu, ya haraka. Kutafuta ufunguo, kukimbia hadi wodini na kurudi, yule kijana angekuwa amekwisha. Dawa haikuwapo. Palikuwa na kisu, na mbavu, na mtu mwenye akili zake timamu. Ukimkata anaumia kuliko anavyoumia mtu yeyote mwenye haki ya kuitwa mgonjwa. Usipomkata anakufa.

Atupele aliinua kisu. Yule kijana alikiona akajirusha. Hakuwa amewahi kuona, lakini alishajua. Mkono wa kulia ulimpiga Atupele tayani, akaona nyota, trei nzima ya vyombo ikaanguka kwa kishindo, na kila alipojirusha damu ilifoka upya kati ya vidole. Bomba la hewa lilimziba koo, mdomo ulikuwa wazi, na hakuna sauti iliyotoka.

"Tulia," Atupele alimwambia. "Tulia, nakuomba, nataka kukusaidia." Hayo yalikuwa maneno asiyoyajua kijana. Sauti ndiyo aliyoijua, na ndiyo iliyomzidishia kichaa, kwa sababu mara ya mwisho sauti hiyo ilimtoa bandama.

Palikuwa na neno moja tu duniani lililowahi kumpa nafuu. Atupele alilijua, na alijua pia litamfanyia nini. Alimwinamia sikioni, damu ya sikio lake mwenyewe ikimdondokea kijana shavuni.

"Nashona," alimwambia. "Nashona. Nashona."

Kijana aliacha kujirusha. Alimtazama. Mapigo yalishuka, ngumi zikafunguka, kidole kimoja kimoja, na mwili wote ukalegea kama wa mtu aliyeambiwa kwamba yamekwisha.

Atupele akamkata.

Alikata toka ukingo wa kidari hadi chini ya kwapa, mkato mmoja, ngozi na nyama, kisha akatia mkono kati ya mbavu akazitanua hadi moja ikavunjika. Mgongo wa kijana ulipinda mezani kama upinde. "Nashona," alisema Atupele, akichota damu iliyoganda kwa viganja na kuitupa chini. "Nashona," akilisukuma pafu pembeni. Alilia na kuendelea kusema, hakunyamaza, na vidole vyake vikafuata mshipa mkuu nyuma huko, pale pale alipomweleza Profesa kwamba upo, vikalikuta tundu, likampiga kidoleni kwa joto. Akabana kwa koleo. Mfoko ukakoma.

Macho ya kijana yalikuwa yamefumba. Hakuzirai mapema kama ambavyo tungemwombea, alizirai mwishoni. Sakafuni Nyenza alikuwa amegeuza uso ukutani, akilia kwa sauti ya mtu mzima asiyezoea.

Mlango ulivunjwa na walinzi waliosikia vyombo vikianguka. Profesa Mwakyoma alitoka kwa machela akiwa na pingu, Nyenza alitoka kwa miguu yake akiwa nazo pia. Mitungi ilizimwa kwa amri ya serikali, na watu wakagombana magazetini kama Profesa alivyotabiri, wengine wakiuliza sasa madaktari watajifunzia juu ya nani. Swali hilo sina jibu lake. Vitambaa vyote vya Mwamba vilifunguliwa. Macho yalikutwa chini ya kimoja zaidi, ila huyo alikuwa kwenye chumba cha baridi, amekwisha kumaliziwa.

Kijana alilazwa wodini, kwenye kitanda cha watu, karibu na dirisha. Wauguzi walimpenda. Walijifunza upesi kutomwekea shuka juu ya kidevu.

Atupele hakumwona mpaka bomba la kifuani lilipotolewa na tundu lake likahitaji nyuzi mbili tatu. Daktari wa zamu alimwita yeye, akidhani anafanya jambo jema. Bomba la kooni lilikuwa limeshatolewa pia. Wauguzi walisema bado hajasema kitu, na huenda sauti ingekuwa ya kukwaruza, maana neva ya sauti ya kushoto ni ile ambayo moyo huivuta hadi kifuani unaposhuka, mtoto akiwa bado tumboni, au mtungini, na kisu kiliipitia.

Safari hii dawa ya ganzi ilikuwapo. Muuguzi alikuwa ameshaichoma, ngozi imekufa ganzi kabisa, hata ungeitoboa asingejua. Kijana alikuwa akitazama miti dirishani. Mashine ilikuwa ikilia taratibu.

Atupele alisogea na sindano yenye uzi. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Alitaka kwa mara hii neno liwe kweli, mkono ufanye kile ambacho mdomo umesema, ili amrudishie.

"Nashona," alisema kwa upole.

Mashine ikaruka. Ikakimbia, kama siku ya mtihani, pengine zaidi. Kijana aligeuza kichwa kutoka dirishani. Kope ya kushoto ilikuwa bado imelegea. Alimtazama usoni, akaitazama sindano, akarudi usoni, na midomo yake ikahangaika kwa muda kutafuta njia. Kisha, kwa sauti ya mkwaruzo, neno la kwanza la maisha yake, pole pole, kama mtu anayemsahihisha mwenziwe aliyekosea, alimwambia:

"Nakata."

Atupele aliirudisha sindano kwenye kisahani. Akavuta stuli, akakaa kimya mahali ambapo kijana angeweza kuiona mikono yake yote miwili.